Idadi inapokataa kukua, inapoporomoka na inapokataa kupungua: mwongozo wa utatuzi kwa wavuvi, wafugaji na kamati za shehia

Mwongozo huu umejengwa juu ya malalamiko yanayosikika kila msimu katika madiko, mabanda na mabwawa ya Unguja na Pemba. Pweza wamekuwa wadogo. Perege wamejaa bwawani lakini hakuna aliyefikia kuuzwa. Kuku wamekufa karibu wote ndani ya wiki moja. Majongoo bahari hawarudi ingawa watu wameacha kuwaokota. Kunguru wanauawa kwa mamia, na mwaka unaofuata wako palepale. Mwenye pweza huona tatizo lake ni la bahari na mwenye kuku huona lake ni la banda, lakini yote haya huchunguzwa kwa njia moja, kwa sababu idadi ya kiumbe chochote hubadilika kwa mambo manne tu: wanaozaliwa, wanaokufa, wanaoingia kutoka nje na wanaotoka. Anayejua ni lipi kati ya manne limebadilika amepata nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kujua kama sababu hiyo inazidi makali kadiri viumbe wanavyosongamana, au inapiga sawasawa wakiwa wengi na wakiwa wachache.

Yafaa kuelewa pia namna idadi inavyokua pale ambapo hakuna kinachoizuia. Viumbe huongezeka kwa kuzidishana, wala si kwa kujumlishwa. Mkulima wa mwani hulijua hilo kwa macho: fungu la gramu 100 lililofungwa kwenye kamba, hali ya bahari ikiwa nzuri, hukaribia kilo 1 baada ya wiki 6. Kwa watu mwendo ni wa polepole zaidi, lakini hesabu ni ileile. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, yaani ongezeko la takriban asilimia 3.7 kwa mwaka. Gawa 70 kwa kiwango hicho na utaona kwamba idadi ya namna hiyo huwa maradufu katika muda wa miaka 19 hivi. Hakuna mwamba wala bwawa linaloweza kuvumilia kuzidishana kwa aina hii bila kikomo. Mwanahisabati wa Ubelgiji, Pierre-François Verhulst, aliandika mwaka 1838 kanuni inayoonesha kwamba ukuaji huanza taratibu, hushika kasi katikati, kisha hupungua kadiri idadi inavyokaribia kikomo cha chakula na nafasi. Jambo moja ndani ya kanuni hiyo lina faida kubwa kwa mvunaji: ongezeko kubwa kuliko yote hupatikana idadi ikiwa karibu na nusu ya kikomo. Mwamba uliojaa pomoni hautoi nyongeza kubwa, na mwamba uliokaribia kuwa mtupu vilevile hautoi.

Kabla ya dalili yoyote: hakikisha kwamba tatizo lipo

Malalamiko mengi huishia hapa, na ndiyo maana hatua hii isirukwe. Chukua diko lenye wavuvi 20 waliokuwa wakileta jumla ya kilo 100 za pweza kwa siku moja ya bamvua. Kila mmoja alipata kilo 5. Miaka michache baadaye diko hilohilo lina wavuvi 40 na linapokea kilo 120. Mnunuzi ataona neema imeongezeka, na mvuvi, ambaye sasa anapata kilo 3, ataona bahari imekauka. Jumla peke yake haisemi kitu. Andika kila mara idadi ya watu waliotoka, saa walizokaa mwambani na uzito walioleta, kisha linganisha bamvua la kusi na bamvua la kusi la mwaka uliopita, wala si la kaskazi.

Kwa bwawa lisilopimika kwa macho kuna njia rahisi ya alama. Kamata samaki 40, wakate ncha ndogo ya pezi la mkia, warudishe majini. Baada ya siku chache kamata wengine 50. Ukikuta 10 kati yao wana alama, zidisha 40 kwa 50 na ugawe kwa 10: bwawa lina samaki wapatao 200 wa ukubwa unaoweza kunaswa na wavu ule. Hesabu hii huharibika endapo katikati ya siku hizo samaki wamekufa, wameibwa au wametoroka kwenye mfereji.

Hatimaye, gawa ulichokamata mafungu matatu: wadogo, wa kati na wakubwa. Nikiambiwa nichague kipimo kimoja tu katika mwongozo huu mzima, ningechagua hiki. Wadogo wakiwa wengi na wakubwa hawaonekani, uzazi unaendelea lakini kuna kinachowaondoa kabla ya kukomaa. Wakubwa wakiwepo na wadogo hawaonekani, kifo hakina lawama. Uzazi, au kufika kwa watoto, ndiko kulikokwama. Mafungu yote yakipungua kwa pamoja, shuku ugonjwa, joto, au mkono wa binadamu usiochagua.

Dalili: wamejaa, lakini wote ni wadogo

Lalamiko hili ni la wafugaji wa perege zaidi ya wengine. Sababu inayokutwa katika mabwawa mengi ni uzazi usiodhibitiwa. Perege jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi 2 au 3, hata kabla hajajaza kiganja, na huatamia mayai kinywani. Ukimkamata wakati huo utaona taya la chini limetuna, na ukimfungua mdomo taratibu, mayai ya rangi ya manjano hukudondokea mkononi. Katika siku hizo hali chakula cha maana, kwa hiyo hakui, na akishawaachia vifaranga huanza tena. Bwawa lililowekwa samaki 400 huwa na maelfu kabla ya mwaka kuisha, chakula kilekile kinagawanywa kwa vinywa vingi, na kila samaki hubaki wa kukaanga kwa wali wa mtoto.

Ukaguzi wa kwanza ni wa bure: pitisha chandarua cha matundu madogo ukingoni asubuhi. Kikijaa vifaranga, umepata sababu. Watoe kwa wingi na kwa kurudia, wala usiwaonee huruma, maana kuwaacha ni kuwanyima chakula wote. Kisha tenganisha madume na majike. Dume huonekana kwa matundu mawili chini ya tumbo, moja la haja kubwa na moja la mkojo na mbegu, ambapo jike ana matatu. Kazi hii inahitaji jicho lililozoea, na jike wachache tu waliopita kwa makosa hurudisha tatizo lote, kwa hiyo safari inayofuata nunua vifaranga vya dume vilivyokwisha kuchaguliwa.

Iwapo vifaranga si wengi, tazama chakula. Zamisha mkono majini. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, maji yana ukijani wa kutosha. Kikionekana vizuri hata maji yakivuka kiwiko, bwawa lina njaa na linahitaji samadi au pumba. Sababu ya tatu ni hewa. Samaki wanaopanda juu alfajiri na kutwetea hawana oksijeni ya kutosha, na mara nyingi ni kwa sababu samadi imezidi. Ubaya wa mbegu yenyewe, ambao wafugaji wengi huutaja mwanzo, ni sababu ya mwisho kabisa kufikiriwa.

Simama na umwite mtaalamu wa ufugaji wa samaki ukiona samaki wanakufa huku wana vidonda, au wanatwetea mchana kutwa hata baada ya kusitisha chakula na kuongeza maji mapya. Usimwage dawa yoyote bwawani kwa kubahatisha, na usihamishe samaki hao, wavu huo wala maji hayo kwenda bwawa lingine.

Dalili: uvunaji unashuka mwaka hadi mwaka

Hapa pweza ndiye mwalimu bora, kwa sababu maisha yake ni mafupi na makosa yetu juu yake huonekana upesi. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi, au kupita kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake, mayai yanayofikia mamia ya maelfu, akayatundika darini mwa shimo lake kama vishada vyeupe, kila yai dogo kuliko punje ya mchele. Huziba mlango kwa vijiwe na maganda ya kombe, hukaa ndani akiyapulizia maji na kuyafuta kwa mikono, hali chochote, na yakishaanguliwa hufa. Vitoto vyake huelea na mikondo ya maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua chini. Aliyetua huongezeka uzito kwa kasi ya ajabu, na sehemu kubwa ya uzito huo hupatikana katika miezi ya mwisho ya uhai wake.

Kutokana na maisha hayo, sababu ya kwanza ya uvunaji kushuka ni kuokota mapema. Pweza wa nusu kilo aliyeachwa angekuwa wa kilo moja na zaidi baada ya muda mfupi tu, na bado angekuwa na nafasi ya kutaga. Ukaguzi wake ni yale mafungu matatu, diko zima likipima kila pweza mmoja mmoja kwa bamvua kadhaa. Tiba iliyojaribiwa ni kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, mara nyingi mitatu. Utaratibu huu ulianza kujulikana Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004, na hapa kwetu kijiji cha Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa vilivyotangulia kuufuata, kisha vijiji vingine vya Unguja na Pemba navyo vikaingia.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi huambiwa nusu nusu, na likieleweka huokoa ugomvi. Kufunga kwa miezi mitatu huongeza kwanza uzito, wala si lazima kuongeze idadi. Vitoto vinavyoelea vinaweza kutua mbali na mwamba vilikozaliwa, na mwamba wako nao hupokea vitoto vya wengine. Kwa hiyo shehia moja ikifunga na jirani zake wakaendelea kuchokoa kila shimo, itavuna pweza wazito, lakini isishangae miaka michache baadaye wadogo wakipungua kwa wote. Uzazi hulindwa na miamba mingi iliyofungwa kwa kupokezana, na zaidi na sehemu ndogo iliyofungwa moja kwa moja.

Sababu ya pili ni kuongezeka kwa wavuvi, wakiwemo wa dago wanaopiga kambi msimu mzima na kuondoka. Hawa si maadui, na wengi wao ni ndugu zetu wa Kojani na kwingineko wanaotafuta riziki kwa haki, lakini hesabu ya mwamba haitambui mgeni na mwenyeji. Andika idadi yao katika daftari lilelile. Sababu ya tatu ni siku ya ufunguzi yenyewe: eneo lililolindwa miezi mitatu huvamiwa na mamia ya watu kwa siku mbili, bei inaanguka kwa wingi wa mzigo, na ongezeko lote linaondoka. Weka kikomo cha kilo kwa mtu, au fungua kwa awamu, na mwombe mnunuzi atangaze bei kabla. Sababu ya nne, inayohitaji macho zaidi, ni kuharibika kwa mwamba wenyewe kwa kukanyagwa, kwa nanga na kwa vyuma vinavyobomoa matumbawe ili kumtoa pweza aliyejikita. Shimo lililobomolewa halikaliwi tena, na kikomo cha idadi kinashuka hata kama hakuna anayevua.

Kamati isitishe majaribio yake na kumwita afisa uvuvi iwapo eneo limefungwa mara mbili au tatu na uzito wa pweza haukuongezeka, kwa maana hiyo ni ishara kwamba kuna uvuvi wa usiku, au mwamba una tatizo ambalo kufunga hakuliponyi. Imwite pia panapotokea mabishano ya mipaka na shehia nyingine. Mipaka ya bahari ikiamuliwa kwa nguvu kwenye maji, hakuna daftari litakaloheshimiwa baadaye.

Dalili: idadi imeporomoka ghafla

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, waliosongamana wamepata hasara kubwa kuliko waliotawanyika? Jibu lake linagawa tiba mbili zisizofanana.

Kama jibu ni ndiyo, tafuta ugonjwa kwanza. Kwa kuku wa kienyeji mshukiwa mkuu ni kideri: kuhara kijani, shingo kupinda, mabawa kulegea, kukohoa, na vifo vinavyopita kutoka nyumba hadi nyumba. Kideri hushika kasi pale kuku wanapokuwa wengi bila kinga, na wanaposalia wachache hupungua chenyewe, hadi vifaranga wapya wafikie wingi wa kutosha na kirudi. Ndiyo sababu mfugaji huona kuku wakipanda na kushuka kila mwaka akadhani ni desturi ya kuku. Tiba hakuna; kinga ipo, nayo ni chanjo ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Mpe kila kuku aliye mzima, pamoja na vifaranga, na mshawishi jirani afanye hivyo siku hiyohiyo.

Baada ya ugonjwa fikiria njaa iliyofuata wingi. Mfano ulioandikwa vizuri ni wa kisiwa cha St. Matthew, Alaska, ambako mwaka 1944 walipelekwa kulungu wa baridi 29. Hakukuwa na mnyama wa kuwala. Kufikia 1963 walikuwa wapatao 6,000, na walikwisha kula ukoga wa mawe unaochukua miaka mingi kuota tena. Baada ya majira ya baridi yaliyofuata walihesabiwa 42 mwaka 1966. Anayetaka kuachia mbuzi kwenye kisiwa kidogo asichokaa mtu aupime mfano huo kabla hajapakia dau. Wanyama huvuka kikomo kwa sababu malisho yaliyorundikana kwa miaka huwadanganya kwamba yapo mengi. Kinachowalisha daima ni kile kinachoota upya kila mwaka.

Kama jibu ni hapana, yaani hasara imepiga penye wengi na penye wachache bila kubagua, tazama hali ya hewa na maji. Mwani aina ya kotonii huugua maji yanapopata joto kupita kiasi: matawi huwa meupe, hulainika na kukatika, na kamba huachwa tupu. Matumbawe nayo hupauka kwa joto, kama ilivyotokea kote katika Bahari ya Hindi magharibi mwaka 1998. Kupunguza idadi ya mafungu kwenye kamba hakusaidii hapa, na mkulima anayefanya hivyo amejipunguzia mavuno bure. Kinachosaidia ni kuhamisha kamba kwenye maji ya kina zaidi yasiyokauka wakati wa maji kupwa, kuvuna kabla ya miezi ya joto kali, na kuweka mbegu zilizosalimika mahali pake.

Onyo la sehemu hii ni zito. Kuku wengi wakifa kwa siku moja au mbili, hasa ikiwa ndege wa porini nao wanaokotwa wamekufa, usichinje wagonjwa, usiuze, usipeleke zawadi kwa mtu na usishike mizoga kwa mikono mitupu. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Samaki wakielea wengi ufukweni bila sababu kujulikana, wasiliwe wala wasipewe mifugo hadi wataalamu watoe tamko.

Dalili: wamebaki wachache, wameachwa, na bado hawaongezeki

Mara nyingi kinachohitajika ni subira tu, kwa kuwa viumbe hawazai kwa kasi moja. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani, huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Aliwindwa kwa bunduki na miti yake ya kulala ikakatwa, hadi mwaka 1996 akaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, walikubali kulinda miti hiyo, na mwishoni mwa muongo wa 2000 hesabu ilikaribia popo 20,000. Mtu aliyewatazama miaka miwili ya mwanzo angesema ulinzi umeshindwa. Kwa kiumbe anayezaa mmoja, usitoe hukumu kabla ya miaka kumi.

Sababu ya pili ni kwamba kuachwa kwenyewe hakukutokea. Watu wameacha mchana, wanaokota usiku. Chunguza hili kabla ya kufikiria lolote la kitaalamu.

Ya tatu ni ngumu zaidi na ndiyo inayowatatiza wengi: viumbe wengine wakishuka chini ya kiasi fulani, uchache wenyewe huwa ugonjwa. Mwanabiolojia wa Marekani Warder Clyde Allee alilieleza jambo hili katika muongo wa 1930. Jongoo bahari hampandi mwenzake. Dume humwaga mbegu majini na jike humwaga mayai, yakakutana au yasikutane. Wakiwa karibu karibu, mayai mengi hurutubishwa. Wakiwa mmoja hapa na mwingine hatua nyingi mbali, mkondo unachukua kila kitu, na unaweza kufunga eneo miaka mitano bila kuona mtoto. Ukaguzi ni kuzama usiku, wakati wengi wao wanapotoka mchangani, na kupima umbali kati ya mmoja na mwenzake. Wakiwa mbali sana, marekebisho ni kuwakusanya wakubwa waliopo kwenye kipande kimoja cha nyasi bahari kinacholindwa, kwa kibali na usimamizi.

Kwa wanyama wakubwa uchache hudhuru kwa njia nyingine: kundi dogo hukosa wenza wasio ndugu, na bahati mbaya moja huweza kulimaliza. Mwaka 1974 kima punju 14 walichukuliwa Unguja wakapelekwa msitu wa Ngezi, Pemba. Hawakufa wote, lakini miongo kadhaa baadaye walikuwa bado kundi dogo, ambapo Unguja, kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2017, kulikuwa na karibu 5,900. Kuhamisha viumbe wachache kwenda mahali papya na kutumaini watajaza msitu ni tumaini lisilo na msingi mpaka chakula chao, wingi wao na usalama wao viwe vimepimwa. Kazi hiyo haifanywi na kamati wala na mtu mwenye nia njema tu. Kukamata, kuhamisha au kufuga kima punju, paa nunga, popo au kasa ni jambo la Idara ya Misitu na la wataalamu wa bahari, kisheria na kiutaalamu.

Dalili: tunawaua, hawapungui

Kunguru waliletwa Unguja mnamo muongo wa 1890 ili wasafishe taka za mji, na wakaenea hadi bara. Mwanzoni mwa muongo wa 1990 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwaua kwa sumu, idadi ikashuka sana, kazi iliposita wakarudi. Sababu ya kawaida ya marudio haya ni kwamba waliouawa walipunguza msongamano, lakini chakula kilibaki vilevile. Kila kunguru aliyesalia alipata sehemu kubwa zaidi ya jalala, akalea makinda wengi zaidi hadi wakaweza kuruka. Kuua kulifungua nafasi ile ambayo uzazi uliijaza. Panya wa nyumbani ni vivyo hivyo, na kasi yao ni kubwa mno.

Kwa hiyo kagua kwanza chakula: jalala lisilofunikwa, matumbo ya samaki yanayotupwa dikoni, mabaki ya hoteli na ya magenge, pumba ya kuku iliyoachwa wazi usiku. Punguza hivyo na kikomo chenyewe kinashuka, hata bila kugusa ndege mmoja. Hatua ya pili ni uzazi: viota vibomolewe wakati wa kutaga, mtaa mzima kwa pamoja, na virudiwe, kwa sababu kunguru hujenga upya. Mitego na kuua huja baada ya hayo mawili. Sababu nyingine ya kutopungua ni mlango wa kuingia: mtaa mmoja ukisafisha na wa pili usisafishe, hujazwa upya kwa wiki.

Tofauti yake inaonekana kwa mbung'o wa Unguja. Mbung'o jike hutoa buu mmoja tu kila baada ya siku kumi hivi na kwa kawaida hupandwa mara moja. Baada ya mbung'o kupunguzwa kwa dawa, waliachiwa kwa ndege madume waliohasiwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, kuanzia 1994. Majike waliopandwa nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Uzazi ulizibwa, uzazi huo ulikuwa wa polepole, na bahari ilizuia wengine wasiingie. Kunguru hana hata moja kati ya sifa hizo tatu, kwa hiyo usitarajie kummaliza; lenga kumpunguza na kuendelea.

Sumu ya kunguru na ya panya iwekwe na wenye kibali na mafunzo peke yao. Sumu inayotegwa ovyo kwenye mnofu huuawa nayo paka, kuku na ndege wasiohusika, na mtoto anayeokota kilichoanguka chini ya mwembe yumo katika hatari hiyohiyo. Ukikuta mizoga ya kunguru imetapakaa na hujui imekufa kwa nini, wazuie watoto na mifugo, mwite sheha, naye amwite afisa anayehusika kabla ya mtu yeyote kuizika.